Mahindi Haya Yana Siku Ngapi?

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Bwana Shamba hakuwahi kufika mkutanoni kwa wakati. Mkutano wa saa tatu yeye aliuingia saa nne na nusu, baiskeli akiisukuma, suruali kaikunja mguu mmoja, na maelezo yake yalikuwa yale yale: "Nilipitia shamba la mtu." Watu walishazoea. Walimtangazia saa mbili ili wamwone saa nne. Halafu mtu huyo huyo, ukimsimamisha njiani ukamwuliza mahindi ya fulani wa bondeni yana siku ngapi, alikujibu papo hapo, bila daftari wala kalenda, na ungeenda kumwuliza mwenye shamba ungekuta ni hivyo hivyo.

Tulimwita Bwana Shamba kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo, afisa ugani wa kata yetu, huku upande wa Handeni unaopakana na Korogwe. Jina alikuwa nalo, lakini wazee walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, na hata mkewe mbele za watu alisema "Bwana Shamba bado hajala."

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Nina kiofisi changu Korogwe mjini, chumba kimoja chenye feni inayolalamika. Mwaka ule Bwana Shamba aliposema anakaribia kustaafu, na zikaja habari kwamba wa kumrithi hajapatikana, niliingiwa na hofu. Hesabu ya mashamba ya kata nzima ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amejenga Kwamndolwa, huko huko Korogwe mjini, na anafungasha virago. Mkulima wa kwetu akikosa siku ya palizi, au siku ya mbolea ya kukuzia, au siku ya kuanza kukagua viwavi, msimu umeshamponyoka. Mvua zetu ni chache na hazirudii somo. Nikajiapiza kwamba hesabu yake itaingia kwenye simu kabla hajaondoka, ili kila mkulima apate meseji: leo mahindi yako yana siku kadhaa, fanya hili. Niliona ni kazi ya wiki moja. Unachukua tarehe ya leo, unatoa tarehe ya kupanda, umemaliza. Ilinichukua misimu mitatu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye vidole virefu kupita kawaida. Vidole ndivyo vilikuwa vifaa vyake. Akifika shambani, kabla ya salamu kwisha, alikuwa ameshachuchumaa na kuzamisha kidole cha shahada kwenye udongo. Unyevu ukiishia kifundo cha kwanza alitikisa kichwa. Ukifika kifundo cha pili aliguna kwa furaha kama mtu aliyeonja mchuzi. Chai alikuwa haipokei mpaka aone shamba, na akishaliona alikunywa vikombe vitatu, vyote na sukari ya kutosha kufukuza wageni wengine.

Shambani alikuwa mkweli hadi kuudhi. Alimwambia diwani mbele ya watu kwamba mahindi yake yana njaa kuliko wapiga kura wake. Lakini mweke kwenye drafti! Pale dukani, kwenye ubao wa drafti wa vifuniko vya soda, mzee wetu aliiba mchana kweupe. Alikuonyesha kitu barabarani, ukigeuka kifuniko kimoja cha kwako hakipo. Ukimshika alicheka mpaka akakohoa, akarudisha kifuniko, na dakika tano baadaye akaiba kingine. Nilimwuliza siku moja inakuwaje mtu anayehesabu siku za watu kwa uaminifu vile anaiba kwenye drafti. Akanijibu, "Binti, mtu mwaminifu saa zote anachoka haraka."

Na bustani yake mwenyewe ilikuwa aibu. Aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba akihubiri palizi, mchicha wake uliota katikati ya magugu kama mtu aliyepotea njia. Mkewe alisema hawezi kumlaumu, maana Bwana Shamba hakumbuki hata siku za kuzaliwa za wanawe. Ukimwuliza kifungua mimba wake alizaliwa lini, alisema, "Palizi ya pili, mwaka ule wa viwavi vingi."

Simu hakuipenda. Ilikaa kwenye mfuko wa shati imezimwa, ili chaji isiishe, alivyosema. Nilipomweleza nia yangu hakukataa. Aliketi kwenye kiti changu kimoja cha wageni pale ofisini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo kompyuta inajuaje leo ni lini.

Nikamweleza kwamba ndani yake hakuna Jumatatu wala Machi. Kuna hesabu moja tu ndefu, ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ikitakiwa tofauti ya tarehe mbili, kila moja inageuzwa kuwa sekunde, zinatolewa, na jibu linagawanywa kuwa siku.

"Mwaka sabini," akasema. "Kulitokea nini?"

"Hakukutokea kitu, Bwana Shamba. Wataalamu walichagua tu pa kuanzia."

"Walichagua tu?"

"Walichagua tu."

Akaitazama kompyuta yangu kwa huruma. "Basi wewe usichague tu," akasema, akaenda zake. Sikumwelewa. Nilidhani ni ule utani wa wazee wa kukataa kitu bila kukataa.

Programu ya kwanza niliwaonyesha wakulima wachache, naye akiwepo, kachelewa. Akaniuliza, "Nikipanda Jumatatu, Ijumaa mahindi yana siku ngapi?"

"Nne," nikasema, nikamwonyesha kwenye simu.

"Tano. Hiyo Jumatatu yenyewe umempa nani?"

Watu wakacheka. Nikajaribu kueleza kwamba ukitoa tarehe kwenye tarehe unapata umbali baina yake, siyo idadi ya siku zenyewe. Mzee mmoja akaniuliza kama mgeni akifika kwangu Jumatatu na kuondoka Ijumaa atakula siku nne au tano. Kwetu siku ya kupanda ni siku ya kwanza, siyo siku ya sifuri, na hakuna mkulima atakayekubali kwamba siku aliyovunjika mgongo kwa jembe haikuwa siku. Nilirudi Korogwe nikaongeza moja.

Mzee yule yule wa habari ya mgeni ndiye aliyegundua kosa la pili. Alisajili shamba lake Jumanne saa kumi jioni, alipotoka kupanda. Jumatano saa mbili asubuhi akafungua simu, ikamwambia mahindi yake bado yako kwenye siku ya kwanza. Akanipigia kwa hasira kuuliza kama Korogwe jana na leo ni siku moja. Ilikuwa kweli kabisa kwa upande wa kompyuta, maana saa ishirini na nne zilikuwa hazijatimia, na programu yangu ilihesabu siku zilizotimia tu. Bwana Shamba aliposikia alifuta machozi kwa kucheka. "Mwambieni dada yenu mbegu haijavaa saa," akasema. Nikazitupa saa na dakika zote, nikabakiza tarehe peke yake, na tangu hapo siku ikageuka kwa kila mtu pamoja.

Msimu wa pili nilijiona nimemaliza. Hesabu ilikubali, Februari ya siku ishirini na tisa ilikubali, wakulima waliniita fundi. Nilivimba kichwa, sitaki kusema uongo.

Sasa, kwetu Uzigua watu hupanda kavu. Masika yakikaribia, kabla tone halijaanguka, mtu anachimba mashimo kwenye vumbi, anatia mbegu, anafukia, anasubiri. Mbegu inalala humo mpaka mvua iikute tayari, na hivyo mkulima hapotezi hata siku moja ya unyevu. Nimezaliwa nikiliona jambo hilo. Mama mdogo wangu, aliyenilea, amepanda hivyo maisha yake yote. Na bado, nilipoketi mbele ya kompyuta, sikulikumbuka. Niliandika tarehe ya kupanda nikaona imetosha.

Mwaka huo mama mdogo alipanda ekari mbili mwishoni mwa Februari. Mvua ikachelewa siku kumi na tisa. Ilipokuja ilikuja vizuri, na siku ya sita baada yake mahindi yakachungulia. Asubuhi hiyo hiyo meseji yangu ikaingia kwenye simu yake: mahindi yako yana siku ishirini na tano, weka mbolea ya kukuzia. Mbolea aliyokuwa nayo ni mfuko mmoja, na hakukuwa na namna ya kupata wa pili. Ikipotea, imepotea na mavuno. Akachukua ndoo na kifuniko cha soda cha kupimia, akaenda.

Bwana Shamba alimkuta kwenye mstari wa tatu. Alikuwa anapita zake kwenda mkutanoni. Mama mdogo ananisimulia kwamba aliitupa baiskeli chini, jambo ambalo hajawahi kumwona akilifanya.

"Mama, unafanya nini?"

"Naweka mbolea. Simu imesema leo."

"Simu imefika hapa? Imeinama ikaona?"

"Ni ya mtoto wangu hiyo," mama mdogo akasema kwa fahari. "Haikosei."

Ndipo Bwana Shamba akawasha simu yake, kitu kingine ambacho hakuwahi kukifanya asubuhi, akanipigia: "Njoo umwone mtoto wako." Nilidhani kuna mtu anaumwa. Nilipanda bodaboda kutoka Korogwe nikimhimiza dereva njia nzima.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinishika mkono akanichuchumaza kwenye mstari. "Haya, liulize."

"Niulize nini?"

"Hilo hindi. Liulize lina siku ngapi."

Kijimea kilikuwa na majani mawili, la pili bado limejikunja. Akanionyesha kwa kidole jinsi jani linavyofuata jani, na kwamba mmea wa siku ishirini na tano ungekuwa na majani sita au saba na mizizi ya kuifuata mbolea ilipo. Hiki bado ni kichanga, akasema, nami nimekiandikia ugali na maharage. Niliona aibu mbele ya mama mdogo kuliko aibu yoyote niliyowahi kuiona darasani au kazini. Yeye hakuwa ameniamini kwa sababu ya kompyuta. Aliniamini kwa sababu ni mimi.

Kwa bahati mvua ilikuwa imepumzika kwa siku mbili na chembe hazijayeyuka. Tulizikwangua kwa vidole, moja moja, sisi watatu tumeinama mpaka jua la saa sita, Bwana Shamba akituimbia nyimbo za kanisani kwao kwa sauti mbaya sana. Mbolea karibu yote ilirudi kwenye mfuko. Mkutano ulimsubiri ukachoka.

Tulipokaa kunywa maji ndipo aliponiambia kwamba kosa langu yeye alishalifanya zamani. Alikuja kwetu akiwa kijana, ajira mpya, ametoka huko milimani upande wa Lutindi ambako mvua inanyesha hata watu wakiwa hawana haja nayo. Akawakuta Wazigua wanazika mbegu kwenye vumbi, akaona ni uvivu na ujinga, akatembea nyumba kwa nyumba kupiga marufuku. Watani wake wakamwacha aseme. "Msambaa wewe," bibi mmoja akamwambia, "ulikuja na mvua yako mfukoni?" Bibi huyo alipanda kavu kimyakimya. Mvua ilipoingia, waliomtii Bwana Shamba ndiyo kwanza wanachimba mashimo kwenye tope, na mahindi ya bibi yameshachipua. Mvua ikakatika mapema. "Mwaka huo mahindi ya kuchoma niliyakula kwake," akasema. "Kila nikienda ananiwekea mawili, hanisemi kitu. Nilikoma."

Kuanzia hapo, alipofika shamba lolote, swali lake la kwanza halikuwa ulipanda lini. Lilikuwa mvua iliingia lini. Siyo mvua yoyote: ile iliyolowesha mpaka kifundo cha pili cha kidole. Kuna mvua ya kudanganya, inayoiamsha mbegu na kuiacha ife, na hiyo hesabu yake inafutwa, mtu anapanda upya. Aliyepanda baada ya mvua huhesabu tangu alipopanda. Aliyepanda kavu huhesabu tangu mvua. Yaani kati ya tarehe mbili, ya kupanda na ya mvua, unaanzia ile iliyokuja baadaye.

Katika programu huo ni mstari mmoja. Niliuandika jioni hiyo hiyo, nikauangalia, nikamfikiria kijana aliyefukuzana na wanavijiji kwa baiskeli ili mimi niuandike. Msimu wa tatu simu iliwauliza wakulima maswali mawili badala ya moja, na meseji zikaanza kukubaliana na majani. Mama mdogo alivuna. Bwana Shamba alizungukia mashamba saba akilinganisha jibu la simu na jibu lake, akinitega, na mara zote saba yalilingana. Wakulima walimuaga kwa kumnunulia tairi mbili mpya za baiskeli. Nikamwomba nimsajili na yeye, kwa heshima. Alikataa, akagonga paji la uso. "Mimi ninayo yangu."

Masika yaliyopita nilikwenda kumtembelea Kwamndolwa. Nilikuwa sijamwona muda mrefu, na nilikuwa na hatia ya mtu anayekaa mji mmoja na mzee wake na haendi. Nilimkuta barazani, vidole ni vile vile, shati ni lile lile.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, binti wa simu! Umenenepa. Kaa."

Mkewe alileta chai. Ukutani, kando ya mlango, kulikuwa na mfuko wa mbolea ya kukuzia haujafunguliwa. Nyuma ya nyumba niliona shamba lake, na kwa mara ya kwanza maishani lilikuwa limepaliliwa, nikamsifia.

"Ni mama huyo," akasema. "Mimi nahesabu tu."

"Na mbolea je?"

"Siku yake bado. Leo yana siku ishirini."

Nikayatazama tena. Mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni, na majani ya juu yameanza kupauka kwa njaa. Nikauliza taratibu, "Mvua iliingia lini?"

"Machi kumi na mbili," akajibu bila kusita. "Jioni, ikitokea upande wa Hale. Kidole kiliingia chote."

Siku hiyo ilikuwa Aprili tarehe ishirini. Sikuhitaji simu. Tarehe ya mvua aliikumbuka sawasawa, na ya leo aliijua. Kilichopotea ni Machi yote iliyobaki katikati, siku ishirini nzima. Nilimtazama mkewe, naye akainamia birika. Nikatamani kunywa chai yangu na kuondoka, nimwachie mzee hesabu yake. Lakini mbolea ilikuwa pale mlangoni na mahindi yako kule nyuma, na mbelewele zikishatoka hakuna kitakachosaidia.

"Una neno," akasema. "Sema."

"Ni arobaini, Bwana Shamba."

Akakunja ngumi akaanza kuhesabu kwenye vifundo. Akafika ishirini. Akaanza upya, akafika thelathini na mbili. Akaishusha ngumi mapajani, akainuka, akaenda shambani peke yake. Tulimwona akishika mmea mmoja na kuhesabu majani kutoka chini, hata yale yaliyokwisha kukauka na kudondoka, akiyatafuta kwa kidole mahali yalipokuwa. Akaenda mmea wa pili. Akaenda wa tatu. Nilikuwa nimeshika kikombe na nilitaka kulia.

Alirudi polepole. "Arobaini," akasema. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kwenye drafti, cha mtu aliyekamatwa. "Sasa mnakaa kwa nini? Bado itafaa. Lete ndoo."

Tuliweka mbolea sisi watatu mpaka ikaisha, yeye mbele na kifuniko cha soda, akinifokea kwamba naimwaga karibu mno na shina. Tulipomaliza alinawa, akakaa, akaniambia nitoe simu yangu.

"Nisajili."

Nikamsajili. Tarehe ya kupanda akanitajia. Tarehe ya mvua akanitajia. Nikafika kwenye namba ya simu ya mkulima, nikaanza kuandika ile yake ninayoijua, akanishika mkono.

"Weka ya mama," akasema. "Mimi nitaisoma, nitafurahi, halafu nitaisahau."

Mkewe akavuta kigoda akakaa karibu naye, akanitajia namba yake polepole, tarakimu moja moja.